Kabla ya Kusimamisha Antena, Tukae Chini Pamoja

Haya ni maneno aliyosema mtumishi wetu wa nyanjani mbele ya mkutano wa komite za wakimbizi wa ndani, familia zilizowapokea na mashefu wa vijiji, katika jimbo la Tanganyika. Tunayachapisha kwa ombi la waliokuwepo, ili yasomwe pia na wale ambao hawakuweza kufika.

  Najua wengine wenu mmetembea tangu alfajiri, na wengine mmeacha shamba wakati wa kupalilia. Kwa hiyo sitawachosha kwa maneno ya bure.

Nimeombwa nizungumze juu ya intaneti isiyo na waya, kwa sababu kuna wafadhili walioahidi kutupatia vyombo vyake, na wanangoja jibu letu. Kabla sijasimama hapa, baba mmoja alinivuta kando akaniuliza: "Mwanangu, sisi tunalala chini ya turubai lililotoboka, watoto wanasoma chini ya mti, nawe unatuletea intaneti?"

Swali hilo ni la haki, na nitalijibu wazi. Intaneti haiwezi kuchukua nafasi ya turubai, wala ya maji, wala ya unga. Kama pesa hizi zingetoka katika mfuko wa chakula, mimi mwenyewe ningesema hapana. Hazitoki huko. Lakini hata hivyo, kitu kinachotolewa bure kinaweza kuwagharimu watu amani yao. Ndiyo maana tumeitana leo, kabla hata ya kuchimba shimo moja.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Katika kambi moja nilikofanya kazi zamani kulikuwa na mama aliyepoteana na binti yake siku ya kukimbia. Kila Jumapili, baada ya misa, mama huyo alipanda kilima akiwa na simu yake ndogo ya vitufe. Ulikuwa mwendo wa saa moja na nusu, na kule juu ndiko rezo ilikopatikana. Alipiga namba ya shemeji yake, haikupatikana, akashuka. Ilikuwa hivyo miezi kumi na moja.

Kumbe kule alikokuwa shemeji yake pia hakukuwa na rezo. Watu wa huko nao walipanda mlima, ila wao walipanda siku ya soko, siku ya Alhamisi. Jumapili moja shemeji alipanda kwa ajili ya kutangaza msiba, na simu ikalia mkononi mwake. Binti alikuwa naye, mzima, mwendo wa siku mbili tu kwa miguu. Mama na mtoto walikuwa wakitafutana kutoka milima miwili, kila mmoja na siku yake.

Huo ni mfano wa familia moja. Sasa nitoe mfano wa nchi. Tarehe 14 hadi 17 Desemba 2009, waasi wa LRA kutoka Uganda walishambulia vijiji vya eneo la Makombo, huko Haut-Uele, kaskazini mwa nchi yetu. Shirika la kutetea haki za binadamu la Human Rights Watch lilihesabu watu wasiopungua 321 waliouawa, na zaidi ya 250 waliotekwa nyara. Waasi walitoka kijiji hadi kijiji kwa siku nne, na vijiji vilivyokuwa mbele havikuwa na njia ya haraka ya kuonywa na vile vilivyokwisha kupigwa. Taarifa kamili ilifika masikioni mwa dunia Machi 2010. Baadaye Kanisa Katoliki, likisaidiwa na shirika la Invisible Children, lilisambaza redio za mawimbi mafupi katika vijiji vya eneo lile, ili kijiji kikiona hatari kiweze kuwaambia majirani siku ileile.

Sisi hapa tunajua maana ya onyo lililochelewa. Wakati wa mapigano ya Batwa na Baluba, hasa mwaka 2016 na 2017, familia nyingi za Nyunzu, Manono na Kalemie zilijua kwamba hatari imefika pale zilipoona moshi. Na tunajua pia ubaya wa pili, yaani uvumi. Mara ngapi watu walikimbia kwa sababu ya neno lisilo na mwenyewe? Mara ngapi kijana alipigwa kwa jambo ambalo halikutokea?

Redio imetusaidia sana. Radio Okapi imekuwa ikisema nasi tangu Februari 2002, kwa Kiswahili na lugha nyingine za nchi. Lakini redio inasema, sisi tunasikiliza. Mtu aliye kijijini hawezi kuijibu redio, wala kuiuliza: "Njia ya kwetu je, iko salama leo?" Intaneti inatupa nafasi ya kuuliza na kujibu. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, na hapo hapo ndipo ilipo hatari yake.

Intaneti isiyo na waya hufanyaje kazi

Nitaeleza kwa lugha nyepesi, kwa sababu kitu usichokielewa utakiogopa au utakiabudu, na yote mawili ni mabaya.

Simu zetu hupata rezo kutoka mnara wa kampuni. Kampuni hujenga mnara pale inapoona wateja watakaorudisha gharama ya chuma, mafuta ya jenereta na walinzi. Kijiji kidogo cha watu maskini hakimo katika hesabu hiyo. Kwa hiyo tukingoja kampuni peke yake, tutangoja sana.

Njia nyingine ni hii. Tunapokea intaneti mahali pamoja, kisha tunaigawa wenyewe kwa antena ndogo. Kupokea kwaweza kuwa kutoka mji ulio karibu, au kutoka setilaiti angani. Setilaiti za zamani zinakaa mbali sana, kama kilomita 36,000 juu yetu, na sauti ikienda na kurudi huchelewa zaidi ya nusu sekunde. Siku hizi kuna nyingine zinazozunguka karibu, kama kilomita 550, na hizo hazicheleweshi mazungumzo. Katika nchi yetu huduma ya Starlink ilikatazwa na mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, Machi 2024, kisha ikapewa leseni Mei 2025. Nataja hilo ili mjue kwamba mambo haya yana sheria. Sheria ya mawasiliano ni ya tarehe 25 Novemba 2020, na hatutasimamisha chombo chochote kwa siri.

Baada ya kupokea, tunagawa kwa waifai. Antena moja inaelekezwa kwenye antena nyingine, nazo lazima zionane kama watu wawili wanaotazamana machoni. Umbali si tatizo kubwa kama tunavyodhani. Mwaka 2007, mtaalamu Ermanno Pietrosemoli na wenzake waliunganisha vilele viwili huko Venezuela, umbali wa kilomita 382, kwa vyombo vya waifai. Kinachotushinda ni kizuizi: kilima katikati, au mwembe mmoja wenye majani mabichi. Hata uduara wa dunia ni kizuizi, ndiyo maana ng'ambo ya ziwa antena huwekwa juu. Minara miwili ya mita 30, katikati pakiwa tambarare au maji, huonana mpaka kilomita kama 39 hivi.

Umeme je? Redio moja ya namna hii hula kama wati 8. Mchana na usiku, saa 24, ni wati-saa 192. Paneli ya jua ya wati 100 ikipata jua zuri la saa nne inatoa kama 400. Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 inabeba 1,200, nasi tukitumia nusu tu ili isife mapema, tunapata siku tatu za mvua bila jua. Chombo cha kupokea kutoka setilaiti hula zaidi ya hapo, kwa hiyo kitahitaji paneli na betri zake. Nawapa hesabu hizi kwa makusudi. Fundi akija kuwaambia kwamba inahitajika jenereta kubwa kwa redio moja, mwombeni aonyeshe hesabu yake.

Na kuna hofu nimeisikia, kwamba antena inaharibu mimba au inafukuza mvua. Mawimbi yake ni ya jamii moja na yale ya redio mnayosikiliza kila jioni, na redio yenyewe kwa kawaida hutoa chini ya wati moja. Mvua haiijui.

Wenzetu walifanya nini

Hatutakuwa wa kwanza. Nitataja sehemu tatu.

Kwanza ni Gulu, kaskazini mwa Uganda. Huko watu walijaa makambini miaka mingi kwa sababu ya LRA hao hao. Mwaka 2007, chini ya Jimbo Kuu Katoliki la Gulu, ulianza mradi wa BOSCO. Waliweka kompyuta zinazokula umeme kidogo, paneli za jua na antena, wakaunganisha kambi na mji, hata kambi kubwa ya Pabbo. Watu wa kambi moja waliweza kuzungumza na watu wa kambi nyingine ndani ya mtandao wao. Kisha vita vilitulia na watu wakaanza kurudi makwao. Somo kwetu ni hilo: kambi ni ya muda. Gulu walilazimika kufikiri upya juu ya shule na vijiji ambako watu walirudi.

Pili ni hapa hapa Congo, kisiwa cha Idjwi katika Ziwa Kivu. Kampuni hazikuwa na haraka ya kufika huko. Mwami wa kusini mwa kisiwa alitaka watu wake waunganishwe, na shirika la Ensemble Pour la Différence pamoja na wenzao wakaanzisha mtandao ulioitwa Pamoja Net mwaka 2016. Intaneti ilivushwa juu ya maji kutoka Bukavu kwa antena. Mashirika na wafanya biashara walilipia, na malipo yao yakasaidia wananchi kupata nafasi ya kuingia bure. Somo: mwenye uwezo alipe, ili asiye na uwezo asifungiwe nje, na kiongozi wa kimila awe mstari wa mbele.

Tatu ni Mankosi, Afrika Kusini. Wanakijiji wa huko, wakisaidiwa na Chuo Kikuu cha Western Cape, walianza mwaka 2012 mtandao unaoitwa Zenzeleni, maana yake "jifanyieni wenyewe". Vyombo viliwekwa katika nyumba za wanakijiji, na umeme wa jua uliobaki ulitumika kuchaji simu za watu kwa malipo madogo. Mwaka 2014 waliandikisha ushirika wao kisheria. Somo: mtandao ulikuwa mali yao, kwa karatasi na kwa moyo.

Kosa letu

Nimewaambia mazuri ya wengine. Sasa niwaambie kosa letu sisi, maana mtu akikuonyesha njia asifiche shimo aliloangukia.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katika timu iliyoweka vyombo kama hivi, mahali ambapo kijiji na kambi vilipakana. Sitataja jina la mahali wala la shirika. Tulikuwa na haraka, kwa sababu mwaka wa mradi ulikuwa unakwisha. Tulitafuta lupango lenye ukuta mzuri, tukalipata kwa mkubwa mmoja wa wenyeji, tukasimamisha mlingoti pale. Ufunguo tukamwachia mlinzi, ambaye alikuwa mtoto wa ndugu yake. Tulipiga picha, tukaandika ripoti, tukaondoka.

Wiki ya kwanza watu walifurahi. Wiki ya tatu tukasikia kwamba vijana wa kambi wanalipishwa na wa kijiji wanaingia bure. Wiki ya tano likatoka neno kwamba wakimbizi wanatumia mtandao kuwapelekea wenye silaha picha za ng'ombe wa kijiji. Hakuna aliyeona picha hata moja. Wamama wa kambi wakaanza kutukanwa kisimani. Usiku mmoja waya ukakatwa na betri zikabebwa. Kijiji kilisema ni kambi, kambi ikasema ni kijiji. Mpaka leo hatujui.

Tulikaa katika mikutano majuma matatu kuzima moto ambao tuliuwasha wenyewe. Katika mkutano wa mwisho mama mmoja mzee wa kijiji alisimama akasema: "Kisima tulichimba pamoja, ndiyo maana hakuna anayekivunja. Hiki chenu tulikikuta asubuhi kimesimama." Maneno yale sijayasahau. Tulikuwa na hesabu nzuri ya wati na ampea, lakini hatukumwuliza mama yule hata swali moja.

Mambo sita ya kukubaliana

Kwa sababu hiyo, safari hii tunaanza na ninyi. Nawaletea mambo sita. Yajadilini, yageuzeni, ongezeni yenu.

La kwanza ni mahali. Antena isimame mahali ambapo ni pa wote, na ambapo patabaki hata kambi ikifungwa siku Mungu atakapotujalia kurudi makwetu. Kituo cha afya ni pazuri, kwa sababu kila mtu anafika pale, na muuguzi anahitaji kuuliza daktari wa mjini juu ya mgonjwa. Isiwe katika lupango la mtu. Isiwe karibu na kituo cha wenye silaha, wa upande wowote, maana itaonekana kuwa yao, na siku ya vita itapigwa.

La pili ni komite. Iwe na watu wa kambi na watu wa kijiji kwa idadi sawa. Nusu wawe wamama, kwa sababu katika nyumba nyingi simu ni ya baba, na mama husikia habari baada ya wengine wote. Ndugu zetu Batwa wawemo tangu siku ya kwanza, wala wasiitwe mwishoni kupiga makofi. Kisanduku cha vyombo kiwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa kambi na mmoja kwa kijiji, ili pasiwe na upande unaofungua bila mwenzake kuona.

La tatu ni pesa. Wafadhili watalipa mwanzo, hawatalipa daima. Tuseme, kwa mfano tu, malipo ya mwezi ni dola 100. Familia 200 zikishirikiana ni nusu dola kwa kila familia. Kwa wengi hapa hata nusu dola ni chakula cha watoto. Kwa hiyo fikirini kama watu wa Idjwi: duka, mashirika na watu wenye mishahara walipe zaidi. Fikirini kama watu wa Mankosi: kuchaji simu kulete pesa ya kununua betri mpya. Hesabu zisomwe mbele ya watu kila mwezi na kubandikwa ukutani. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika kwa daftari lililofichwa.

La nne ni zamu. Intaneti ni kama mfereji wa maji: wa juu akizuia yote, wa chini hapati. Tukipata megabiti 20 kwa sekunde, na watu 40 wakiingia pamoja, kila mmoja ana nusu megabiti. Inatosha kutuma ujumbe na sauti kwa WhatsApp. Lakini wawili watatu wakianza kuvuta filamu, wengine wanakwama. Basi pangeni: kituo cha afya kwanza, saa za walimu na wanafunzi, saa za wamama, na jioni kwa wote. Vijana, msikasirike, filamu zinaweza kuwekwa katika kompyuta ya ndani, mkazitazama bila kula intaneti ya watu.

Kompyuta hiyo ya ndani ina faida nyingine. Tunakumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini karibu majuma matatu. Mtandao wa ndani unaweza kuendelea kupeleka ujumbe kati ya kijiji na kambi hata kama njia ya nje imefungwa. Tuuandae hivyo tangu mwanzo.

La tano ni maneno. Ulimi hauna mfupa, na simu inaupa miguu. Napendekeza kanuni moja: habari isiyo na mwenyewe haipiti. Ukipokea neno la kutisha, kabla ya kulipeleka mbele, uliza maswali matatu: nani ameona kwa macho yake, wapi, na siku gani? Kama hakuna jibu, lipeleke kwa komite, usilipeleke kwa watu mia. Komite iwe na watu wawili, wa kambi na wa kijiji, ambao kazi yao ni kupiga simu kule kunakosemwa na kuuliza. Wakipata ukweli, watangaze pamoja, kwa kipaza sauti kimoja. Mtu wa kambi akisikia ukweli kutoka kinywa cha mtu wa kijiji ameanza kumwamini, na huo ni mwanzo wa amani.

La sita ni usalama wa majina. Hili nalisema kwa uzito. Sisi tuliokimbia kuna watu tuliowakimbia. Orodha ya familia, namba ya hema, picha ya mtoto ikionyesha mahali alipo, hivyo visitumwe ovyo, hata kama anayeomba anajiita shirika. Mamlaka na mashirika yanayohusika yana utaratibu, nao hupitia kwa komite. Anayetafuta ndugu aliyepotea apitie kwa Msalaba Mwekundu, ambao wana uzoefu wa kazi hiyo na hulinda siri. Na mtu yeyote akiwapigia simu kwamba mmeshinda zawadi, mmpe namba ya siri ya pesa zenu za simu, jueni ni mwizi. Aliyekwisha poteza nyumba asipoteze na akiba ndogo iliyobaki.

Mtaniuliza: na wenye silaha wakija kutaka vyombo? Wapeni. Betri hununuliwa, mtu hanunuliwi. Pasiwe na mtoto wa mtu atakayekufa akilinda antena yetu.

Ombi langu

Ndugu zangu, wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimeona maana yake hapa. Wakimbizi walikuja mikono mitupu, na leo soko la kijiji hiki limekua kwa kazi yao. Wenyeji waligawa mashamba yao kabla shirika lolote halijafika na gunia la kwanza. Imani hiyo mmeijenga wenyewe, kwa taabu, na ina thamani kuliko chombo chochote nitakachowaletea. Sitaki kuja na kitu cha kuibomoa.

Kwa hiyo sitaki jibu leo. Rudini nyumbani. Mashefu, waiteni watu wa vijiji vyenu. Wakubwa wa kambi, zungukeni mabloku yote, na msiwasahau wajane wala vilema ambao hawakuweza kutembea mpaka hapa. Waulizeni maswali matatu tu. Je, tunakitaka kitu hiki? Kama tunakitaka, kisimame wapi? Na nani tunaowaamini washike funguo mbili?

Baada ya majuma mawili nitarudi, nitakaa chini ya mti huu huu, nitasikiliza. Mkisema ndiyo, tutachimba shimo la mlingoti pamoja, kila upande na majembe yake. Mkisema bado, nitawaandikia wafadhili kwamba bado. Na mkisema hapana, nitaandika hapana, wala sitaona haya, kwa sababu hapana ya watu waliokaa pamoja ni bora kuliko ndiyo ya mtu mmoja mwenye haraka.

Yule mama wa kilimani, alipompata binti yake, hakutuomba kitu kikubwa. Aliniambia: "Fanyeni tu mtu asipande mlima siku isiyo yake." Nimebeba ombi lake mpaka hapa kwenu. Mungu atupe busara ya kulijibu vizuri.